Mwenye Chombo na Mwenye Safari

Chombo cha safari kina maisha ya namna mbili. Kikiwa mwendoni ni msaada. Kikiwa kimelala ni mzigo. Jembe likikaa darini mwaka mzima halimdai mwenyewe kitu ila kutu, lakini chombo kikubwa hula fedha hata kikiwa usingizini, na ni vichache vinavyokula zaidi katika usingizi wao kuliko ndege ya jeti ya mtu binafsi. Hukaa katika banda linalolipiwa kodi, hukatiwa bima, marubani wake hulipwa mishahara ili wasiende kutafuta kazi kwingine, na mafundi hulazimika kuikagua si kwa hesabu ya saa ilizoruka tu, bali kwa hesabu ya miezi iliyopita pia, maana mpira hukauka na chuma huliwa na unyevu hata pasipo safari. Kwa hiyo wenye ndege wengi hufikia shauri moja: siku ambazo mwenyewe hana safari, ndege itolewe ikodishwe kwa wenye safari. Shauri hilo laonekana kuwa jambo la hesabu tu. Lakini ndani yake mna swali la maadili ambalo umri wake ni mkubwa kuliko umri wa ndege. Mtu anapokodisha chombo alichokuwa akikitumia peke yake, anatoa nini, anabaki na nini, na anaingia katika deni gani kwa yule anayepanda?

Biashara yenyewe si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Nairobi kampuni ya Wilson Airways, na jina lake limebaki katika uwanja wa Wilson, ambao hata leo ni kituo kikubwa cha ndege za kukodi. Katika Tanzania, kampuni ya Precision Air ya Michael Shirima ilianza kwa ndege ndogo ya kukodi kabla ya kuingia katika safari za ratiba mwaka 1993. Marekani, mwaka 1964, ilianzishwa kampuni ya Executive Jet Aviation, iliyokodisha jeti kwa wafanyabiashara. Na mwaka 1986 ikabuni mpango wa watu kadhaa kununua ndege moja kwa mafungu, kila mmoja akapewa saa zake. Katika habari zote hizi fikira ni moja: chombo kimoja chaweza kukidhi haja za watu wengi, maadamu hawana haja nacho katika saa ile ile.

Mtu wa Kitura, katika milima ya Wamatengo wilayani Mbinga, aweza kusema kuwa shauri hili halimhusu. Jeti haitui penye mashimo ya ngoro wala kati ya mibuni. Walakini jambo lenyewe analijua kwa majina mengine. Msimu wa kahawa ufikapo, buni mbivu zilizochumwa asubuhi hutakiwa kumenywa siku ile ile, la sivyo huchacha na kupoteza ubora wake. Si kila mkulima ana mashine ya kumenyea. Mwenye nayo hufuatwa na majirani. Mwenye gari hugongewa mlango usiku kwa ajili ya mgonjwa wa kupelekwa Mbinga mjini au hospitali ya Litembo. Mwenye pikipiki humpa kijana aiendeshe, naye akangoja hesabu yake kila jioni. Na chini ya milima, kando ya Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, mwenye boti aliyeinunua kwa uvuvi wake huombwa kuvusha watu na mizigo. Hawa wote ni ndugu wa yule mwenye jeti. Wametofautiana katika thamani ya mali, hawakutofautiana katika asili ya tendo. Na ni heri swali lipimwe kwa watu wadogo na wakubwa pamoja, kwani kanuni ya haki inayomfaa tajiri na kumshinda maskini, au inayombana maskini na kumwacha tajiri, huwa haijakomaa.

Jibu la kwanza ambalo mwenye mali hulitoa ni fupi: ni changu, nifanye nipendavyo. Jibu hili lina nguvu kwa kitu kinachotumiwa na mwenyewe, lakini hupungua nguvu mara kitu kinapokodishwa. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wameliita tendo hili ijara, wakalieleza kuwa ni kuuza manufaa, si kuuza kitu. Nyumba hubaki ya mwenyewe, lakini kukaa ndani yake kwa mwezi mmoja kumekuwa kwa mpangaji. Basi aliyekodisha amekwisha kuuza jambo fulani, na mtu hawezi kuuza na kubaki nacho alichouza. Aristotle naye, karne nyingi kabla yao, alisema kuwa utajiri umo katika kutumia kuliko katika kumiliki. Tena akaona ni bora mali iwe ya mtu mmoja mmoja, lakini matumizi yake yawe ya wengi. Kwa fikira hiyo, mwenye kukodisha chombo kilicholala amefanya jema kuliko anayekifungia. Chombo kimoja kikitumiwa na watu kumi, chuma na jasho la kutengeneza vyombo tisa limeokolewa.

Hata hivyo, nchi ya Tanzania imewahi kuitazama ijara kwa jicho la shaka. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kama lilivyomkataza kuwa na mishahara miwili au hisa katika kampuni. Halikumkataza kuwa na nyumba ya kukaa. Nyumba ile ile, kwa kuta zile zile, ilikuwa halali kwa kulala na haramu kwa kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikaenda mbele zaidi, ikatwaa majengo mengi ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Masharti ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo hapana anayeshangaa kuona kiongozi ana nyumba za kupangisha. Lakini hoja haifi kwa kuwa sheria yake imefutwa. Hoja ilikuwa hii: mtu aweza kufika mahali akala jasho la wengine kwa sababu tu anacho kitu wasichonacho, wala yeye haongezi kitu ila ruhusa. Mwenye ruhusa peke yake hana kazi, ana lango.

Hoja hii ndiyo inayotenganisha ijara njema na ijara mbaya. Anayedai malipo kwa sababu amenunua mafuta, amelipa fundi, amekilinda chombo na kubeba hasara ya kuchakaa kwake, huyo anadai ujira wa kazi na gharama. Anayedai malipo kwa sababu mwenziwe hana njia nyingine, huyo anatoza kodi juu ya shida. Watu hawa wawili waweza kutoza bei moja kwa siku moja, na bado wasifanane. Njia ya kuwapambanua ni kutazama bei inavyokwenda usiku, mvua inaponyesha na mgonjwa anapougulia. Kwa mwenye ujira, bei hupanda kwa kadiri gharama na hatari zinavyopanda. Kwa mwenye lango, hupanda kwa kadiri ya kilio. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema kuwa rafiki huyo hana haki ya kurudishiwa gharama ya mafuta. Walichokataa ni dhiki yenyewe kuwa bidhaa. Wamatengo nao, katika desturi yao ya kusaidiana kazi iitwayo ngokela, walijua kuwa mkono uliosaidia haurudi mtupu: hulishwa na hunyweshwa, na kesho husaidiwa. Malipo yalikuwapo, lakini yalipimwa kwa kazi, na yalijulikana kabla jembe halijainuliwa. Bei iliyotangazwa mchana, kabla shida haijafika, ni nusu ya haki.

Lakini suala la bei, ingawa ndilo linalosemwa zaidi vijiweni, si zito kuliko yote. Lililo zito zaidi ni usalama. Katika ijara ya nyumba au ya jembe, mwenye kitu ndiye anayeweka amana. Kitu chake kimo mikononi mwa mwingine, na sheria za kale zilijishughulisha sana kumwonyesha mkodi jinsi ya kukitunza. Katika ijara ya chombo cha safari kinachotolewa pamoja na mwendeshaji wake, amana hugeuka. Mkodi hakukabidhiwa ndege. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kwa ndege. Ameweka mwili wake ndani ya kitu asichokijua, chini ya mkono wa mtu asiyemjua, juu ya hewa au maji yasiyomjua yeye. Hawezi kufungua mtambo autazame. Hawezi kujua kama rubani amelala usiku uliopita. Alicholipia hasa si kiti. Amelipia haki ya kuamini.

Hapa ndipo sheria za anga zilipoona mbali. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa ndege baina ya mataifa, una nyongeza ya sita inayohusu uendeshaji wa ndege, nayo imegawanya mambo: sehemu moja ni ya safari za biashara, nyingine ni ya safari zisizo za biashara. Anayejirusha mwenyewe hupewa masharti yake. Anayerusha wengine kwa malipo hupewa masharti makali zaidi juu ya marubani, mapumziko yao, matengenezo na usimamizi. Kwa sababu hiyo mwenye jeti hawezi kuamka siku moja akaanza kuchukua abiria wa malipo. Ni sharti chombo chake kiingizwe chini ya kampuni yenye cheti cha uendeshaji wa biashara, na nchini Tanzania mlinzi wa mlango huo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Wapo wanaoona kuwa huu ni usumbufu wa makaratasi. Ndege ni ile ile, husema, na rubani ni yule yule; ikiwa ilimfaa mwenyewe jana, kwa nini isimfae mgeni leo?

Jibu ni kwamba jana mwenye kuhatarika alikuwa ndiye mwenye kuamua. Mtu ana uhuru mpana juu ya hatari anayoijua na kuichagua mwenyewe. Hana uhuru huo juu ya hatari ambayo mwingine ataibeba pasipo kuijua. Chombo hakikubadilika, bali uhusiano umebadilika, na wajibu hufuata uhusiano. Ziwa Nyasa lina mfano wake. Askofu Chauncy Maples alizama katika ziwa hilo mwaka 1895, mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba. Meli iliyopewa jina lake ilishushwa majini mwaka 1901, ikawa kanisa, shule na tiba kwa watu wa pwani za ziwa; baadaye ikatumika kuvua samaki, na baadaye tena kuchukua abiria. Bamba la chuma lilikuwa lile lile katika kazi zote tatu. Lakini nahodha anayekabili mawimbi kwa ajili ya samaki, na nahodha anayeyakabili akiwa na wanawake na watoto waliolipa nauli, hawana ruhusa moja mbele ya wingu moja.

Ulimwengu umeonyeshwa matokeo ya kuidharau tofauti hii. Tarehe 21 Januari 2019, mchezaji wa mpira Emiliano Sala alipanda ndege ndogo ya injini moja kutoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff. Ndege ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey. Yeye na rubani wakafa. Ilibainika kuwa rubani hakuwa na leseni ya kuchukua abiria kwa malipo wala ruhusa ya kuruka usiku, na safari yenyewe haikuwa na kibali cha biashara. Uchunguzi ulionyesha pia dalili za hewa ya sumu kutoka katika mtambo kuingia ndani ya ndege. Mwaka 2021 mtu aliyepanga safari ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Abiria alikuwa kijana mwenye thamani kubwa katika soko la mpira, lakini fedha hiyo haikumwezesha kujua kuwa karatasi za safari hazikuwa za mtu kama yeye. Basi tajiri na maskini ni sawa katika jambo hili: wote hupanda wakiwa vipofu, na wote wanastahili mwenye macho awe mwaminifu.

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa kwa heshima. Mtu wa pwani ya Nyasa atauliza: ikiwa kila chombo kitakachobeba mtu kwa fedha hapana budi kitimize masharti makali, je, mama aliyeshikwa na uchungu usiku mbali na hospitali ya Liuli aachwe ufukoni kwa kuwa boti ya jirani ni ya samaki? Asiachwe. Lakini jirani anayemchukua usiku ule hafanyi biashara, hata akirudishiwa fedha ya mafuta, anafanya ujirani. Anayeficha biashara chini ya jina la ujirani ndiye anayeleta fitina, na kipimo cha kumtambua ni swali moja: je, angeshika safari hii na mtu huyu kama pasingekuwa na faida? Aliye na safari yake, akampakia rafiki wakachangia mafuta, hakukodisha kitu. Aliyesukumwa na huruma akarudishiwa gharama, hakukodisha kitu. Lakini anayekaa akingoja wapitao, akataja bei, akapata ziada, huyo ni mfanyabiashara, hata kama chombo chake ni mtumbwi, na hata kama ni jeti ya mamilioni ya dola inayoandikwa katika vitabu kuwa imebeba marafiki wa mwenyewe. Hakika ni yule wa jeti anayestahili lawama kubwa zaidi, kwa kuwa uwezo wa kutimiza masharti alikuwa nao. Na pale ambapo masharti yanamshinda maskini, suluhu si kuyafuta, bali jamii imsaidie ayafikie. Koti la kuokolea lililonunuliwa kwa mchango ni haki zaidi kuliko sheria iliyofumbiwa macho.

Pana na mtu wa tatu, ambaye husahauliwa: mwendeshaji. Yeye si mwenye chombo wala mwenye safari, naye amewekwa katikati yao. Mwenye pikipiki anayedai hesabu ile ile kila jioni, iwe mvua au jua, amejipatia ijara isiyotikisika. Lakini hatari haikutoweka, imehamia mgongoni mwa kijana. Siku ambayo abiria ni wachache, kijana hukimbiza pikipiki katika kona za milima ili hesabu itimie, na abiria aliye nyuma yake hulipia bila kujua starehe ya mtu aliyeketi nyumbani. Hali hiyo hiyo huweza kumpata rubani wa jeti, pale mwenyewe anaposema kuwa mkodi ni mtu mkubwa, hawezi kucheleweshwa na ukungu. Wajibu wa mwenye chombo basi hauishii katika matengenezo. Ni pamoja na kupanga malipo kwa namna ambayo neno la tahadhari halitamgharimu mwendeshaji chakula cha watoto wake. Nahodha wengi chombo huenda mrama. Na mwenye chombo anayetoa amri kwa simu kutoka sebuleni amekuwa nahodha wa pili.

Mwisho, liko suala la ahadi. Mwenye jeti hukodisha huku akijiwekea nafasi ya kuitwaa ndege anapoitaka, kwani aliinunua kwa ajili ya haja zake. Nafasi hiyo si dhuluma ikiwa imetajwa mapema na mkodi akaikubali. Lakini siku zikiisha kuuzwa, zimeuzwa. Mwenye mashine ya kumenyea kahawa aliyempa jirani zamu ya Jumanne hawezi, Jumanne ikifika na buni za jirani zikiwa zimekwisha kuchumwa, kukumbuka kuwa mashine ni mali yake. Kweli ni mali yake. Lakini Jumanne si yake tena. Umiliki wa kitu hudumu, na siku za kitu hugawanyika. Anayetaka kitu kiwe chake kila siku ana haki hiyo pia, ila asipokee fedha za siku yoyote.

Yaonekana basi kuwa kukodisha si kujiongezea pato tu juu ya umiliki ule ule. Ni kuupunguza umiliki kwa hiari. Mwenye chombo huacha uhuru wa kukitumia siku zote, uhuru wa kupandisha bei kwa kadiri ya shida, uhuru wa kuipima hatari kwa roho yake peke yake, na uhuru wa kuwa na neno la mwisho. Kwa kila uhuru alioacha hupata sehemu ya malipo, na hapo ndipo malipo yanapokuwa halali, kwa kuwa yametokana na kitu kilichotolewa. Anayetaka malipo pasipo kuacha kitu anarudi katika lango lile ambalo Azimio lilililaani. Asiyeweza kuvumilia kuambiwa na rubani wake mwenyewe, mbele ya mgeni aliyekwisha kulipa, kwamba leo hawaruki, huyo bado hajawa tayari kukodisha. Na gharama ya kuiacha ndege yake ilale bandani ni ndogo kuliko deni ambalo angeliingia kwa kuirusha.